Deni la Njia ya Mlimani

Wahenga walisema: Milima haikutani, bali binadamu hukutana. Neno hilo ni la kweli. Lakini ili watu wa pande mbili za mlima wapate kukutana, lazima mmoja achonge njia, mwingine aitunze, na mwingine afungue mlango mgeni apigapo hodi. Anayepita hupita kwa kazi ya hao watatu. Je, anajua kwamba ana deni kwao?

Nataka kuwaeleza habari za njia moja ya Ulaya, ipitayo juu ya milima ya Alpi, kati ya nchi ya Uswisi na nchi ya Italia. Inaitwa njia ya Mtakatifu Bernardo Mkuu. Inaitwa ya Mkuu kwa sababu iko njia nyingine ya Bernardo, iliyo chini zaidi, kati ya Ufaransa na Italia. Wakati wa joto, tangu Juni hata Oktoba, wasafiri wengi huipanda kwa pikipiki. Hawaendi sokoni wala vitani. Wanakwenda kuona milima, kupita vijijini, na kurudi kwao. Basi na tumfuate mmoja wao, yeyote yule, tujifunze historia ya mahali anapopita.

KUTOKA MARTIGNY

Safari inaanza Martigny, mji wa Uswisi uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Wenyeji husema Kifaransa. Mji uko kwenye meta 470 hivi juu ya bahari. Pengo la mlima, yaani mahali pa kuvukia kati ya vilele, liko kwenye meta 2,469. Ni mwendo wa kilometa 45 hivi. Kwa hiyo pikipiki itapanda karibu meta 2,000 kwa muda wa saa moja tu.

Wanaojua pikipiki watauliza: injini inaweza? Inaweza, lakini inachoka. Injini nayo hupumua kama mtu, na juu mlimani hewa ni nyepesi. Kule penginepo pa kuvukia, kani ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Pikipiki za zamani zilipokea petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, zikatoa moshi na kupoteza nguvu. Pikipiki za siku hizi hupima petroli zenyewe, lakini hakuna fundi awezaye kuongeza hewa ya mlima. Mwendeshaji hana budi kushuka gia na kuvumilia. Tena baridi: kila meta 1,000 za kupanda, joto hupungua kama digrii sita. Aliyetoka Martigny akitokwa na jasho, juu atatafuta koti.

Na kona je? Mwendeshaji mwenye akili hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Hatazami shimo, maana pikipiki hufuata macho ya mwenyewe. Anatazama mahali anapotaka kutokea. Na wakati wa kuteremka hakazi breki mfululizo, zisije zikapata moto na kushindwa kushika. Anaiacha injini imzuie kwa gia ya chini.

Wa kwanza tunaowajua kwa maandiko waliotaka kuimiliki njia hii ni Warumi. Mwaka 57 kabla ya Kristu, Yulio Kaisari alimtuma jemadari Galba aifungue kwa ajili ya majeshi na wafanyi biashara. Wenyeji walimpiga vita hapo hapo Martigny, na ingawa Galba alishinda, aliondoka akaenda zake. Baadaye, katika karne ya kwanza baada ya Kristu, Kaisari Klaudio alitengeneza barabara hasa. Juu penye kuvukia Warumi walijenga hekalu la mungu wao Yupiter. Wachimbaji wamekuta hapo mabamba madogo ya shaba nyeusi, yaliyotolewa na wasafiri kushukuru kwa kwenda salama na kurudi salama. Walikuwa wapagani, lakini tayari walijua kwamba mtu haupiti mlima huo kwa nguvu zake peke yake.

VIJIJI VYA NJIANI

Pikipiki inapita Sembrancher, inafika Orsières. Katika bonde hili msafiri huona maghala ya zamani ya mbao, yaliyosimama juu ya miguu, na juu ya kila mguu jiwe pana la duara. Jiwe hilo ni la nini? Ni kuwazuia panya wasipande kula nafaka. Mkulima ni mkulima popote duniani! Huona pia ng'ombe weusi wafupi wenye nguvu, ambao hupenda kupimana kwa pembe, na wenyeji hukusanyika kutazama ni yupi atakuwa malkia wa kundi.

Hapo karibu na Orsières, mwaka 972, abati mkubwa wa Cluny, Mtakatifu Majolo, alikamatwa akitoka Italia. Waliomkamata ni kundi la Wasaraseni waliokuwa na ngome karibu na bahari ya kusini, wakiyashika mapengo ya milima na kuwatoza wasafiri. Watawa wake walilipa fedha nyingi ndipo akaachiliwa. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza, alirudi kutoka Roma kwa njia hii hii, na orodha ya vituo vyake imehifadhiwa mpaka leo. Orsières imo. Na kijiji kinachofuata, Bourg-Saint-Pierre, nacho kimo.

Hebu tufikiri kidogo. Wakati huo msafiri alipita hapa bila nyumba ya kumpokea juu. Alikuwa na maadui wawili: mnyang'anyi na theluji. Mnyang'anyi aweza kulipwa. Theluji hailipwi.

Bourg-Saint-Pierre ni kijiji cha mwisho upande wa Uswisi, kwenye meta 1,632. Liko hapo jiwe la Kirumi la kuhesabia maili, la siku za Kaisari Konstantino. Mwendeshaji wetu analipita kwa dakika moja. Kijiji hiki tutakirudia, kwa sababu ndicho chenye deni mashuhuri.

NYUMBA ILIYO JUU

Baada ya Bourg-Saint-Pierre miti inaisha. Yanabaki majani mafupi, mawe, na maji yanayolia. Barabara inajipinda hata kwenye bonde moja dogo ambalo watu wameliita Bonde la Wafu, kwa sababu ya wote walioangukiwa na maporomoko ya theluji. Ghafla inaonekana nyumba kubwa ya mawe, yenye kuta nene na madirisha madogo. Ndiyo nyumba ya wageni ya Mtakatifu Bernardo.

Bernardo alikuwa arkidiakoni wa Aosta, mji ulio upande wa pili wa mlima. Masimulizi mengi juu ya ujana wake yaliandikwa karne nyingi baada ya kufa kwake, na wataalamu wa leo hawayategemei. Lakini kazi yake inaonekana kwa macho. Kama mwaka 1050 alianzisha nyumba hii mahali ambapo mtu hawezi kulima wala kuvuna, wala kukata kuni. Kila gunia la unga na kila gogo la kuni lilipandishwa kwa mgongo wa nyumbu au wa binadamu. Kwa nini mtu ajenge mahali kama hapo? Kwa sababu ndipo watu walipokuwa wanakufa.

Wakanoni wanaoishi humo, wafuasi wa kanuni ya Mtakatifu Augustino, wana neno lao la Kilatini ambalo maana yake ni hii: Hapa Kristu huabudiwa na hulishwa. Huabudiwa katika kanisa, hulishwa katika mgeni. Mlango wa nyumba haufungwi kwa ufunguo, usiku wala mchana, na imekuwa hivyo kwa karne nyingi.

Wakati wa baridi wakanoni na watumishi wao walishuka pande zote mbili za mlima, wenye fimbo ndefu, mkate na divai, kuwatafuta waliopotea. Wengine wao hawakurudi. Maiti ambazo hazikutambuliwa ziliwekwa katika chumba kando ya nyumba, kwa sababu huwezi kuchimba kaburi katika mwamba ulioganda. Baridi ilizihifadhi, ili ndugu zao wakija siku moja wapate kuzijua.

Mbwa wao wanajulikana dunia nzima. Waliletwa kwanza kulinda nyumba, kisha ikaonekana kwamba pua zao hutambua njia na mtu aliye chini ya theluji. Mashuhuri kupita wote ni Barry, aliyezaliwa mwaka 1800 na kufa Bern mwaka 1814. Husemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Yale mapipa madogo ya pombe yanayochorwa shingoni mwa mbwa hao ni hadithi tu. Uzuri wa mbwa huyo hauhitaji kuongezewa.

Mwaka 1923 Papa Pio XI alimfanya Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wakaaji wa Alpi na wapanda milima. Baba Mtakatifu huyo alijua anachosema: alipokuwa padri kijana, akiitwa Achille Ratti, alikuwa mpanda milima hodari, na mwaka 1889 aliupanda mlima wa Monte Rosa.

DENI LA MWAKA 1800

Sasa turudi Bourg-Saint-Pierre. Mwezi wa Mei mwaka 1800, Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alitaka kuwashambulia Waaustria katika Italia kutoka mahali wasipopatazamia. Akapitisha jeshi lake juu ya Mlima Bernardo, watu kama 40,000, theluji ikiwa bado ardhini.

Mizinga iliwezaje kupita? Magurudumu yalifunguliwa. Vigogo vya misonobari vilichimbwa ndani kama mtumbwi, kila mzinga ukalazwa katika kigogo chake, ukakokotwa kwa kamba. Nyumbu walipochoka, wanaume wa vijijini wakavuta. Juu, wakanoni waliwapa askari mkate, jibini na divai, kila mmoja akipita mbele ya mlango. Napoleon mwenyewe alipita tarehe 20 Mei. Mchoraji David alimchora amepanda farasi mkali aliyesimama kwa miguu miwili. Kweli yake ni kwamba alikuja juu ya nyumbu, akiongozwa na mwenyeji wa Bourg-Saint-Pierre aitwaye Pierre-Nicolas Dorsaz. Mlimani hata mshindi wa vita humfuata mwanakijiji anayejua mahali pa kukanyaga.

Kijiji kilitoa nini? Miti iliyokatwa, sufuria zilizochukuliwa, nyumbu, na siku nyingi za kazi. Napoleon aliandika barua ya shukrani, akaahidi kwamba yote yatalipwa. Wanakijiji wakafanya hesabu kwa uaminifu, ikazidi faranga 40,000. Wakalipwa sehemu tu. Napoleon akawa Kaisari, akashinda, akashindwa, akafa uhamishoni mwaka 1821. Deni likabaki. Wazee waliwarithisha watoto wao ile barua, na watoto wakawarithisha wajukuu. Hatimaye mwaka 1984, baada ya miaka 184, Raisi François Mitterrand wa Ufaransa alikipa kijiji zawadi ya ukumbusho. Haikuwa fedha yote iliyodaiwa. Lakini ilikuwa neno ambalo wanakijiji walilingoja: Ndiyo, tulipita kwenu, na mlitubeba.

Vita alivyovishinda Napoleon vimekuwa kazi ya watoto shuleni. Lakini deni la sufuria halikusahauliwa na wenye sufuria. Mpita njia husahau upesi, mwenyeji hakumbuki jambo jingine.

INJINI ZAFIKA

Pikipiki za kwanza zilizoundwa nyingi pamoja ziliuzwa Munich mwaka 1894. Baada ya miaka michache magari na pikipiki zikaanza kupanda Alpi. Vijiji havikufurahi vyote. Graubünden, jimbo la mashariki ya Uswisi, lilikataza magari katika barabara zake tangu mwaka 1900. Wananchi walipiga kura mara kwa mara juu ya jambo hilo, na mwaka 1925 ndipo walipokubali. Tusiwacheke. Waliona vumbi, makelele, na ng'ombe wenye hofu. Nao ndio waliokuwa wanaitengeneza barabara kwa mikono yao.

Wengine waliona faida. Kule Mandello, kando ya ziwa la Como, chini ya milima, kiwanda cha Moto Guzzi kilianzishwa mwaka 1921. Mwaka 1928 mhandisi Giuseppe Guzzi aliendesha pikipiki kutoka hapo mpaka ncha ya kaskazini ya Norvegia, ili kuonyesha kwamba pikipiki yenye springi nyuma huvumilia barabara mbaya. Mwaka 1950 kiwanda hicho kilitoa pikipiki iliyoitwa Galletto, yaani jogoo mdogo. Mapadri wengi wa vijiji vya Italia waliipenda, kwa maana mtu aliyevaa kanzu aliweza kuipanda bila taabu.

Kisha mwaka 1964 serikali mbili zilifungua tobo chini ya Mlima Bernardo, lenye urefu wa karibu kilometa sita. Tangu hapo malori na mabasi hupita ndani ya mwamba, hata wakati wa baridi, bila kuona theluji. Watu wakaweza kuuliza: nyumba ile juu ina kazi gani tena?

Wakanoni hawakuondoka. Wakati wa baridi barabara ya juu hufungwa, theluji hurundikana kupita urefu wa mtu mara nyingi, na anayetaka kufika hutembea kwa skii au kwa viatu vipana vya theluji. Anakuta mlango wazi, kanisa wazi, na kinywaji cha moto. Wakati wa joto hufika wenye miguu, wenye baiskeli, na wenye pikipiki. Mlima hauwaui sana kwa theluji sasa. Huwaua kwa mwendo wa kasi, kwa kona iliyochukuliwa vibaya, na kwa majivuno ya mtu anayedhani kwamba nguvu za injini ni nguvu zake. Hivyo sala ya nyumba hiyo kwa wasafiri haijapitwa na wakati.

KUTEREMKA AOSTA

Mwendeshaji wetu amepumzika, ameingia kanisani, amelitazama ziwa dogo lililo mpakani. Sasa anateremka upande wa Italia. Kijiji cha kwanza ni Saint-Rhémy. Kwa karne nyingi wanaume wa hapo walikuwa na kazi ya kuwavusha wasafiri, kusafisha njia na kuwatafuta waliofunikwa. Kwa ajili hiyo watawala wa Savoia waliwasamehe uaskari, wakaitwa askari wa theluji. Huo ni mfano mwema: watawala walikiri kwamba kumwokoa msafiri ni utumishi sawa na kubeba bunduki.

Kisha Étroubles, Gignod, na mwishowe Aosta, mji uliojengwa na Kaisari Augusto mwaka 25 kabla ya Kristu. Sisi watu wa Kongo tuna jambo la kukumbuka hapo. Mwaka 1906, mwana wa kifalme wa Italia, Luigi wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipopanda vilele vya Ruwenzori mpaka Margherita, mpakani mwa Kongo na Uganda, viongozi wake walikuwa watu wa bonde hili la Aosta, kama Joseph Petigax wa Courmayeur. Theluji yetu iliyo karibu na mstari wa ikweta ilikanyagwa na miguu iliyojifunzia huku.

Na wakanoni wenyewe walikwenda mbali kuliko hapo. Katika miaka ya 1930 waliombwa kwenda mpakani mwa China na Tibet, wakaanza kujenga nyumba ya wageni kwenye pengo la Latsa. Mmoja wao, Maurice Tornay, mtoto wa wakulima wa karibu na Orsières, aliuawa huko tarehe 11 Agosti 1949, pamoja na mtumishi wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1993. Alizaliwa kando ya njia ambayo wengine waliilinda. Akaenda kulinda njia ya watu asiowajua. Ndivyo deni linavyolipwa: huwezi kumlipa marehemu aliyekufungulia, unamfungulia anayekuja nyuma yako.

JEMBE LA MGENI

Kuna mithali mbili. Ya kwanza: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakanoni wameishi kwa hiyo. Ya pili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii ni ya mgeni mwenyewe, nayo husahauliwa.

Jembe la mwendesha pikipiki ni lipi? Ni kupunguza mwendo mbele ya nyumba za watu. Ni kunyamazisha injini yake. Mwaka 2020 serikali ya Tirol, katika Austria, ilikataza pikipiki zenye makelele makubwa mno katika baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte wakati wa joto, kwa kuwa wanavijiji walikuwa wamechoka. Ni kununua mkate na jibini kwa watu wa mlimani, asije na kila kitu kutoka mjini, akawaachia moshi tu. Ni kusimama akimwona mwenzake ameanguka.

Nasi pia tunapita kila siku katika njia ambazo hatukuzichonga. Katika mteremko wetu wako watu wanaoziba mashimo kwa jembe na koleo, na mama anayempa maji dereva aliyekwama, bila kuuliza jina lake. Injini imefupisha safari. Deni haikulifupisha. Usingoje miaka 184 ndipo useme asante.